MASHAURI YA NYUMBANI: Farasi wa Motakaa na Chakula Chao



Walimu na wenye nyumba hapa Unguja watakao kununua motakaa hutuuliza: Je, nguvu za injini zahusianaje na petroli iliwayo? Jambo hili lafaa kufikiriwa kabla fedha haijatolewa, kwani petroli hutoka katika mfuko ule ule ulipao ada ya watoto na sadaka ya Jumapili.

Nguvu za injini huhesabiwa kwa farasi. James Watt, Mskochi wa karne ya 18, alitaka wanunuzi wa mashine zake za mvuke wajue kila moja yafanya kazi ya farasi wangapi. Nguvu ya farasi mmoja ni kama kuinua kilo 75 mita moja kwa sekunde moja.

Sasa, motakaa ndogo iendayo kilomita 80 kwa saa katika njia tambarare yatosheka na farasi 20 hivi. Na Unguja haina milima. Hata Masingini hapafiki mita 150. Basi mwenye injini ya farasi 200 afuga wengi wasio na kazi, nao wanakula vilevile. Maana injini kubwa ikienda polepole, mlango wake wa hewa hukaribia kufungwa, nayo hutaabika kuvuta pumzi. Tena vyuma vyake vikubwa husuguana zaidi. Ufundi wa siku hizi umepunguza hasara hiyo, walakini haukuiondoa yote.

Tuseme motakaa moja hula lita 6 kwa kilomita 100, na ya pili lita 12. Kutoka Mji Mkongwe kwenda Nungwi na kurudi, kama kilomita 120, ya kwanza itakula lita 7 na kidogo, ya pili zaidi ya 14. Njia ni ile ile, na abiria ni wale wale.

Lakini ndogo si bora siku zote. Apakiaye magunia mazito juu ya injini dhaifu huilazimisha kukoroma kwa gia ya chini, nayo hula sana. Na mguu wa dereva una sehemu yake: mwendo ukizidishwa mara mbili, upepo hupinga mara nne.

Basi, ndugu, kabla ya kununua jiulize: Nitachukua mzigo gani, na kwa njia ipi? Mfano wa mjenzi wa mnara katika Injili ya Luka watuonya kuhesabu gharama kwanza. Na motakaa hudai gharama yake kila siku iendayo.

Mungu azibariki nyumba zenu.