Tumetuma fedha, sasa tutume watoto

Kila mwisho wa mwezi sisi tunaoishi nje tunafanya jambo moja bila kuambiwa na mtu. Tunatuma. Anayebeba maboksi usiku anatuma, anayeosha wazee anatuma, daktari na dereva wa teksi nao wanatuma. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walipeleka nyumbani karibu dola bilioni 5, kiasi kinachozidi kwa mbali kile ambacho nchi hiyo inakipata kwa kuuza chai yake. Watanzania, Waganda, Wakongo na Warundi nao kila mmoja anajua kilichotoka mfukoni mwake. Ada za shule, dawa za mzee, mabati ya nyumba, sanda na jeneza. Kwa kutuma fedha hatuna haja ya kufundishwa na mtu.

Lakini kuna kitu ambacho hatutumi, nacho ni watoto wetu.

Tunao vijana waliozaliwa au kukulia Leicester, Minneapolis, Toronto na Muscat. Wana afya, wana elimu, wana pasipoti zinazofungua milango. Wakipewa simu wazungumze na bibi, wanasema "Shikamoo bibi", bibi anajibu "Marahaba mjukuu wangu", halafu kimya. Simu inarudi kwa mama. Tukiwapeleka nyumbani ni wiki tatu za Desemba, na katika wiki hizo wanawaona binamu zao wakija mmoja mmoja, huyu na shida ya ada, yule na shida ya simu. Wanarudi huku wakijua jambo moja tu kuhusu nyumbani, kwamba ni mahali pa watu wanaoomba. Na binamu zao wanabaki wakijua jambo moja tu kuhusu wao, kwamba wana fedha na wanaogopa mbu.

Hii ndiyo hasara ambayo haimo katika takwimu za benki kuu yoyote. Sisi kizazi cha kwanza tunatuma kwa sababu tunawakumbuka tunaowatumia. Mtoto wetu atamkumbuka nani? Tukizikwa sisi, na mkono unaotuma utazikwa nasi.

Tumeona vyema tuangalie jamii nyingine iliyokaa ughaibuni muda mrefu kuliko sote na iliyolazimika kulijibu swali hili mapema. Tunazungumzia Wayahudi.

Nao walianza kwa fedha. Mwaka 1914 Wayahudi wa New York walianzisha chombo cha misaada kinachojulikana kwa kifupi kama JDC ili kuwasaidia wenzao waliokuwa na njaa Palestina wakati wa vita, na mwaka 1929 likaanzishwa Shirika la Kiyahudi, yaani Jewish Agency. Kwa miongo mingi kazi ya aliye nje ilikuwa kuchanga, na kazi ya aliye kule ilikuwa kupokea. Mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati Menachem Begin ni waziri mkuu wa Israel, ukaja mpango wa kuiunganisha mitaa maskini ya Israel na jumuiya za Wayahudi wa nje, mtaa mmoja kwa jumuiya moja. Katikati ya miaka ya 1990 fikra hiyo ikapanuliwa ikawa ushirika wa maeneo. Jumuiya ya mji fulani wa Marekani, Uingereza au Kanada inafungamanishwa na mji au wilaya moja ya Israel, hasa kule pembezoni, Galilaya na Negev. Boston na Haifa walitangulia, tangu mwaka 1989, na ushirika wao umedumu zaidi ya miaka thelathini.

Tunaomba msomaji atazame jinsi chombo hiki kinavyoendeshwa. Kwanza, kuna kamati ya pamoja. Wajumbe wake wanatoka pande zote mbili, wanajitolea, na wanakaa pamoja kuamua fedha ziende shule gani, kituo gani cha wazee, mradi gani wa vijana. Anayetoa fedha haamui peke yake, na anayepokea hapigi magoti. Pili, ni sehemu moja kwa miaka mingi. Hawaendi leo huku na kesho kule kufuata picha iliyowaliza. Tatu, na hili ndilo lililotufanya tuandike, wanapeleka watu.

Vijana wao wanakwenda na kukaa. Tangu mwaka 2011, kwa mfano, upo mpango unaowapeleka wahitimu wa vyuo vikuu kusaidia kufundisha Kiingereza katika shule za Israel kwa muda wa miezi kama kumi. Wanapewa pa kulala na posho ndogo, basi. Kijana anapanda basi la asubuhi na walimu wenzake, anajifunza lugha sokoni, anaalikwa chakula cha Ijumaa usiku katika nyumba ya watu ambao mwaka uliopita hakuwajua. Akirudi kwao hahitaji mtu wa kumhubiria umuhimu wa kuchangia, kwa kuwa sasa anayo majina na nyuso za watu. Ndiyo sababu baada ya mashambulizi ya Oktoba 7, 2023, mashamba yalipokosa wafanyakazi, walitokea watu kutoka nje waliopanda ndege kwenda kuchuma matunda na mboga.

Tunajua hapa wapo wasomaji watakaokunja uso, na hatuwalaumu. Ushirika huu una siasa ndani yake. Ulikusudiwa kuwafunga Wayahudi wa nje na taifa la Israel, na Waarabu wanaoishi katika Galilaya na Negev hizo hizo si wao ulioanzishwa kwa ajili yao. Maelfu kwa maelfu ya Wapalestina wameuawa Gaza katika vita vilivyofuata siku ile ya Oktoba 2023, na katika siku ile ile waliuawa pia vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa wamekwenda Israel kujifunza kilimo. Nyumba za Waswahili, Waislamu kwa Wakristo, zimegawanyika juu ya jambo hili, na sisi hatuandiki leo kumtakasa yeyote. Tunachosema ni kwamba chombo ni kitu kimoja na anayekitumia ni kitu kingine. Jirani usiyeelewana naye akiwa na njia nzuri ya kuchimba kisima, huwezi kufa kwa kiu kwa sababu ya ugomvi wenu.

Tena njia hiyo imekwisha kufika kwetu. Nenda Rwanda, wilaya ya Rwamagana, mashariki ya Kigali. Juu ya kilima huko Rubona kipo kijiji cha vijana kinachoitwa Agahozo-Shalom. Neno la kwanza ni la Kinyarwanda, lina maana ya mahali pa kufuta machozi. La pili ni la Kiebrania, maana yake amani. Aliyeanzisha fikra hiyo ni Anne Heyman, mwanasheria Myahudi mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akiishi New York. Mwaka 2005 alisikia habari za yatima wengi mno walioachwa na mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, akajiuliza Wayahudi walifanya nini na yatima wao baada ya mauaji ya Wanazi. Jibu lilikuwa vijiji vya vijana, kama Yemin Orde kilichojengwa mwaka 1953 katika mlima Karmeli, karibu na Haifa. Agahozo-Shalom kilipokea vijana wake wa kwanza Desemba 2008, na kimejengwa kwa ajili ya vijana mia tano.

Kilichotuvutia ni namna mgeni anavyopokewa pale. Vijana wanaishi kwa familia, na kila familia ina mama yake, Mnyarwanda, wengi wao katika miaka ya mwanzo wakiwa wanawake waliopoteza watu wao mwaka 1994. Kijana wa kujitolea kutoka nje anayekaa mwaka mzima anaingizwa katika familia mojawapo, na cheo chake ni binamu. Hawamwiti bwana mkubwa wala mfadhili. Binamu anasaidia Kiingereza, michezo, muziki, lakini mwenye nyumba ni mama. Miongoni mwa waliofika mwanzoni kusaidia walikuwamo vijana wa Israel wenye asili ya Ethiopia, ambao wenyewe walilelewa Yemin Orde. Yaani aliyepokea jana alikuja kutoa leo, na aliyemwona Mnyarwanda hakumwona kama mtu wa kuhurumiwa tu.

Heyman alifariki mwaka 2014. Miradi mingi ya wahisani hufa na mwenyewe, lakini kijiji hiki hakikufa. Uongozi ulikuwa mikononi mwa Wanyarwanda, na katika ardhi ya kijiji ulijengwa mwaka huo huo mtambo wa umeme wa jua wa megawati 8.5, ambao unakilipa kijiji kodi ya ardhi. Aliyepanga hivyo alikuwa anafikiria siku ambayo yeye hatakuwapo.

Sasa tujitazame sisi. Tunaijua jumuiya moja ya watu wetu, hatutaitaja, iliyochanga miezi minane ikapeleka kontena la kompyuta kwenye shule moja ya kata. Hotuba zilitolewa, picha zikapigwa. Shule ile haikuwa na umeme. Mwalimu mkuu, mtu wa adabu, aliandika kushukuru, na mwisho wa barua akaongeza kwamba kama wangeulizwa wangeomba choo cha wasichana. Katika jumuiya hiyo hakukuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kulala usiku mmoja katika kata ile kwa miaka kumi.

Tunawajua pia vijana wa Kizungu wanaolipa fedha nyingi kwa mawakala ili wakae wiki mbili katika kituo cha yatima Arusha au Mombasa, wabebe watoto, wapige picha, waondoke. Mtoto anayekumbatiwa na mgeni mpya kila wiki mbili anajifunza kwamba kila mtu huondoka. Hatutaki vijana wetu wawe nakala nyeusi ya hao.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo machache, nayo si ya serikali wala ya balozi. Ni ya jumuiya zetu hizi hizi za harusi na misiba.

Kila jumuiya ichague kata moja na ishikamane nayo kwa miaka isiyopungua kumi. Iundwe kamati ya watu sawa kwa sawa, nusu huku na nusu kule, na katika hiyo nusu ya kule wawemo mwalimu, muuguzi na akina mama, si diwani na wapambe wake peke yao. Kata ndiyo iseme inahitaji mtu wa kazi gani. Ikisema haihitaji mtu mwaka huu, asiende mtu. Kijana akae miezi mitatu au zaidi, alale katika nyumba ya watu, ale wanachokula na alipie chakula chake. Asichukue kazi ambayo mtu wa pale angelipwa kuifanya. Achunguzwe mwenendo wake kabla ya kukaribishwa karibu na watoto, kama anavyochunguzwa anayetaka kufanya kazi shuleni huku ugenini. Na kabla ya kupanda ndege ajue Kiswahili cha kutosha kuomba radhi, maana atakosea.

Wapo watakaosema watoto wetu hawatakubali. Tunauliza, mmewahi kuwaambia? Mzazi anayemwambia mwanawe kila siku kwamba nyumbani ni rushwa na malaria, kisha akashangaa mtoto hataki kwenda, anajishangaa mwenyewe. Na wapo watakaosema nauli ni ghali. Ni kweli. Lakini tumekwisha kuona harusi moja ya ukumbi wa kukodi ikila fedha ambazo zingewapeleka vijana sita na kuwarudisha. Jumuiya ikilipa nusu ya nauli, kijana atafute nusu yake kwa jasho. Chako huwa chako zaidi ukikitolea jasho.

Neno la mwisho ni letu wenyewe. Wapo miongoni mwa wasomaji wetu, na sisi tunaoandika hapa tukiwamo, ambao hawawezi kurudi. Tuliandika yaliyoandikwa, mlango ukafungwa nyuma yetu. Mama zetu wamezikwa sisi tukisikiliza mazishi kwenye simu. Kwa watu kama sisi jambo hili si la nadharia. Mtoto wetu anaweza kuingia kwa mlango ambao sisi hatuwezi kuupita, akakaa kwenye jamvi tulilolikalia, akamsikia shangazi akilitamka jina la babu yake kama linavyopasa kutamkwa. Atarudi na kitu ambacho hakuna benki inayokituma.

Wazee walituachia kauli kwamba undugu ni kufaana, si kufanana. Kufaana hakukamiliki kwa hundi. Mwaka huu, jumuiya zitakapokutana kugawana kazi za mweka hazina na katibu, mmoja anyanyue mkono aulize kata yetu ni ipi, na nani wa kwanza kwenda.