Nyota yako haijaibiwa



Ndugu zangu wa Handeni na Korogwe, na nyote mnaonisoma mkiwa mbali. Juzi dada mmoja, mama ntilie, kanieleza kuwa ameuza mbuzi wawili ili asafishiwe nyota. Kaambiwa biashara imedorora kwa sababu jirani kamuibia nyota yake. Nikamuuliza, nyota ipi? Akasema, "Sheikh, nimeambiwa yangu ni Mshtarii."

Haya, tuiangalie hiyo Mshtarii. Kwanza si nyota, ni sayari. Haina mwanga wake. Inang'aa kwa mwanga wa jua, kama mwezi. Nyota ni jua lenyewe. Jua linazivuta sayari zote, nazo kwa kasi ya mwendo wake haziangukii ndani, zinalizunguka. Dunia humaliza mzunguko kwa mwaka, Mshtarii kwa miaka 12 hivi, Zohali kwa miaka 29 na ushei. Na ndani ya Mshtarii zingeenea dunia zaidi ya 1,000. Jirani kaiibaje? Kaitia kwenye kibuyu?

Surat Yaasin tunaisoma kwenye kila msiba, na humo Allah ametaja kuwa jua na mwezi kila kimoja kina njia yake. Tunaisoma, kisha tunakwenda kulipa pesa ili njia hizo zigeuzwe!

Mnakumbuka Alhamisi ya tarehe 1 Septemba 2016? Watu walisafiri hadi Rujewa, Mbeya, kuliona jua likibaki kama pete. Siku na saa vilikuwa vimeshapigiwa hesabu miaka mingi kabla, maana vyombo hivi havitoki kwenye mwendo aliovipangia Mola wake.

Alipofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (s.a.w.), jua lilipatwa siku hiyo hiyo. Watu wakasema limepatwa kwa msiba ule. Mtume mwenyewe, akiwa na majonzi ya mwanawe, akawakatalia: jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu yeyote. Sasa kama jua halikupatwa kwa ajili ya mtoto wa Mtume, Mshtarii itahangaika na sufuria ya wali ya nani?

Na hapa niseme ukweli hata kama wenzangu watanuna: wanaofanya haya wengine tunavaa nao kanzu. Wanachukua jina lako na la mama yako, wanajumlisha herufi, wanagawa kwa 12, kinachobaki ndiyo burji yako. Angalia vizuri hesabu hiyo. Hakuna mahali mtu ameinua macho mbinguni! Falaki ya kutafuta kibla na nyakati za swala ni elimu. Hii nyingine ni kula jasho la wajane.

Yule dada nikamuuliza biashara ilianza kulala lini. Akafikiri, akasema tangu mabasi yalipoacha kusimama mbele ya banda lake.

Wallaahu a'lam.