Wapagazi wa Kariokor nao wawekewe jiwe

Mhariri,

Nina malalamiko.

Huku kwetu Dagoretti Corner, kando ya Ngong Road, yako makaburi ya wanajeshi wa Vita vya Pili vya Dunia. Yanatunzwa vizuri, nami nashukuru. Lakini juzi nilimpeleka mjukuu wangu soko la Kariokor kununua kiondo. Nikamweleza kwamba hapo ndipo walipopiga kambi wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa risasi na unga wa jeshi la Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918, na kwamba njaa, malaria na kuhara viliwaua wengi kuliko bunduki za Wajerumani. Akaniuliza, "Guka, wameandikwa wapi?" Nikatazama huku na huku. Nilichoona ni mabango ya simu na ya nyama choma.

Najua, kuna zile sanamu tatu za Kenyatta Avenue, zilizozinduliwa 1928, na mojawapo ni ya mpagazi. Lakini hapo si kambini, na wengi wetu huzipita tukikimbilia matatu. Hata Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi mwaka 2021 kwa kutowakumbuka Waafrika hawa kwa majina.

Serikali ya Kaunti ya Nairobi na Makumbusho ya Kitaifa watujibu: ni nini kinachozuia jiwe moja kando ya barabara pale Kariokor? Nanyi wasomaji ambao babu zenu walichukuliwa, leteni majina yao kupitia gazeti hili.

Msomaji wako,
Dagoretti, Nairobi