Kompyuta Zetu Zipatane Kwanza

Natoa maoni juu ya jambo linalotuhusu sote, yaani namna kompyuta zinavyopelekeana habari zetu.

Hapa shuleni karani ana programu yake, mhasibu ana yake, na zahanati ina yake. Sasa yasemwa kwamba zitaunganishwa. Jambo hili ni jema, lakini waya peke yake hautoshi. Programu moja huanza tarehe kwa siku, nyingine kwa mwezi. Basi 3/4 kwa hii ni Aprili, kwa ile ni Machi. Mwanafunzi mmoja aweza kugeuka wawili, na aliyelipa ada akaambiwa hajalipa.

Hatari hii si ya kubuni. Mwaka 1999 chombo cha Marekani kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika sayari ya Mirihi. Programu moja ilitoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza, na nyingine ikazipokea kana kwamba ni vya metriki.

Kwa hiyo yafaa wenye ofisi waketi kwanza, waandike umbo moja la habari za mwanafunzi, na kila programu itafsiri kwa umbo hilo. Faida yake yaonekana kwa hesabu. Programu 5 zikitafsiriana moja kwa moja zahitaji tafsiri 20, lakini zikipitia umbo moja zahitaji 10 tu.

Katika umbo hilo, kwanza, kila mwanafunzi awe na namba isiyobadilika, maana majina hufanana. Pili, mwaka utangulie katika tarehe, mathalani 2009-04-03, kama kanuni ya kimataifa ISO 8601 ya mwaka 1988 ielezavyo. Saa nazo ziangaliwe, kwani saa 2 asubuhi yetu ni saa 8 ya kompyuta. Tatu, kila mmoja apelekewe kile anachohitaji tu. Mhasibu hana haja ya kujua ugonjwa wangu.

Wako watakaosema kwamba ni afadhali kununua programu moja kubwa. Lakini benki na Baraza la Mitihani wana programu zao, nao hawataziacha kwa ajili yetu. Mapatano hayaepukiki.

Haraka haraka haina baraka. Twawaomba wakubwa wetu wapatane kwanza, ndipo waunganishe. Jina likikosewa huko, ni letu sisi tunaongojea mtihani.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne