Nakala ya Maandishi Si Ushamba

Mwandishi anayedai kwamba kutoa hifadhidata ya saraka kwenye faili la maandishi ni ushamba, na kwamba kunakili data.mdb kunatosha, ametupotosha. Faili hilo la OpenLDAP ni la mashine: lihamishie kwenye prosesa ya muundo tofauti, huenda lisisomeke. LDIF, umbizo la faili hilo la maandishi, iliyowekewa kanuni mwaka 2000 katika RFC 2849, husomeka kwa macho: kila rekodi huanza na "dn:", zikafuata sifa zake, kisha mstari mtupu. Amri ya slapcat huitoa, slapadd huirudisha.

Eti ldapsearch hufanya kazi ileile! Hiyo hubisha hodi kwa seva kama mgeni yeyote. Ruhusa humzuia, na asipokuwa msimamizi mkuu, kikomo cha kawaida ni rekodi 500. Onyo hutolewa, ndiyo, lakini nani husoma maonyo ya skripti ya usiku?

Kuhusu usalama, nakubaliana na mwandishi huyo nusu. Nywila zimo katika LDIF, na base64 inayofuata "userPassword::" haifichi chochote. Ila data.mdb nayo inazo. Basi lifunge faili kwa chmod 600, lisimbe, na usisahau usanidi: slapcat -n 0.