Mlinganyo wa kemia unaojificha ndani ya jiko la makaa

WANAFUNZI wa shule za upili mitaani Kayole, Dandora na Huruma waliosalia katika mfumo wa 8-4-4 hukariri kanuni ya kusawazisha milinganyo ya kemia ili wapate alama katika KCSE. Atomu za kushoto sharti zilingane na za kulia. Nambari hutiwa mbele ya molekuli, kamwe si ndani yake. Aandikaye H2O2 badala ya 2H2O amegeuza maji kuwa dawa ya kuulia viini, na alama humponyoka.

Uzito wa kanuni hiyo, hata hivyo, huonekana nyumbani wakati wa baridi ya Julai, familia nzima inapolala katika chumba kimoja jiko likiwaka. Hewa ikitosha, C + O2 huzaa CO2. Mlango na dirisha vikifungwa, oksijeni hupungua, na 2C + O2 huzaa 2CO. Oksijeni ile ile imegawanyiwa kaboni maradufu. Hiyo ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hujishikiza kwenye damu mahali pa oksijeni na kumuua mtu usingizini. Makaa mekundu yasiyotoa moshi, ambayo wengi huyadhania salama, huitoa pia.

Tangu Januari 2026, Gredi ya 10 ilipoanza katika sekondari pevu, Kemia ni somo la kuchagua katika mkondo wa sayansi. Atakayefuata sanaa au michezo huenda asilisome, ingawa atalala chumba kile kile. Nafasi iliyobaki ni Sayansi Jumuishi, ambayo kila mwanafunzi wa Gredi ya 7 hadi 9 huisoma.