Je, Mota Mpya Ndiyo Dawa?

Mashine za kuchonga vyuma zinazoongozwa kwa tarakimu zilianza zikiwa mali ya viwanda vikubwa na majeshi. Mashine ya kwanza ya namna hiyo ilionyeshwa mwaka 1952 katika Massachusetts Institute of Technology, huko Marekani, kwa gharama ya Jeshi la Anga la nchi hiyo, nayo iliongozwa kwa utepe wa karatasi uliotobolewa. Leo mashine ya aina hiyo hutosha juu ya meza, huongozwa na kompyuta ya kawaida, na mwenyewe huenda akawa mwalimu, karani au mwanafunzi anayechonga vyuma kwa kujifurahisha saa za jioni.

Pamoja na mashine hizo ndogo imezuka desturi isiyofaa. Kazi ikiharibika, duara likitoka na bapa au tundu likikaa pasipo pake, hukumu hutolewa papo hapo: mota ni dhaifu, zinunuliwe kubwa zaidi, na viendeshi vyake vibadilishwe. Kiendeshi ni kile kisanduku cha elektroniki kinachopokea amri za kompyuta na kupeleka umeme kwenye mota. Seti moja ya mota na viendeshi kwa mielekeo yote mitatu huweza kumaliza akiba ya miezi mingi, na aghalabu baada ya kufungwa kwake bapa hurudi pale pale. Basi yafaa suala hili litazamwe kwa kipimo, si kwa dhana.

Mashine nyingi za mezani hutumia mota za hatua. Mota ya hatua haizunguki kwa mfululizo kama mota ya feni. Huruka hatua kwa hatua, na iliyo ya kawaida hupiga hatua 200 katika mzunguko mmoja. Ikiwa parafujo inayosukuma meza huipeleka milimita 5 kwa kila mzunguko, hatua moja ni sawa na milimita 0.025. Mota hiyo haina jicho. Kompyuta huhesabu amri ilizotoa, wala haijui hatua zilizopigwa kweli. Mota ikishindwa kufuata amri, hatua hupotea, na kila kinachochongwa baadaye huhama.

Je, ni kweli kwamba mota hizo hazina nguvu? Mota yenye nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 2, ikiwa imefungwa kwenye parafujo ya gololi ya milimita 5, huweza kusukuma meza kwa nguvu ya nyutoni zipatazo 2,200, yaani zaidi ya uzito wa kilo 200. Hata robo tatu ya nguvu hiyo ikipotea kwa sababu ya mwendo wa kasi, inayobaki ni zaidi ya uzito wa kilo 50. Kisu chembamba cha milimita 6 hakihitaji msukumo mkubwa kama huo, na pengine kitavunjika kabla ya mota kuchoka.

Ni dhahiri basi kwamba tatizo mara nyingi liko mahali pengine. Parafujo na nati yake zikilegea, meza hubaki imetulia kitambo kila mwelekeo unapogeuzwa. Ndiyo sababu duara hutoka na bapa katika sehemu nne, kwani ndipo meza inapogeuza mwendo wake, upande huu au ule. Kabari za reli zikilegea, meza hutikisika. Zikibanwa mno, huchelewa kuteleza. Makosa yote hayo ni ya chuma, wala hayaponi kwa umeme. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kuna jaribio rahisi la kupambanua. Kipimo cha saa, kile chenye mshale, hufungwa kikigusa meza, na mshale husomwa. Kisha meza huamrishwa kwenda na kurudi kwa kasi mara 100 bila kuchonga kitu, na mwisho kurudi mahali ilipoanzia kwa kukaribia kutoka upande ule ule. Mshale ukirudi palepale, mota haikupoteza hatua hata moja. Ukiwa umehama, na ukazidi kuhama jaribio linaporudiwa, hatua zinapotea, au kiungo cha mota na parafujo kinateleza. Halafu hufanywa jaribio la pili: meza hukaribia mahali pale pale kutoka upande wa pili, na tofauti ya mshale huonyesha ulegevu. Kosa linaloongezeka kila safari hutoka katika mwendo. Kosa lisiloongezeka ni la chuma.

Hata ikithibitika kwamba hatua zinapotea, bado hakuna haja ya kukimbilia dukani. Kwanza upunguzwe mchapuko, yaani wepesi wa meza kushika kasi, kwa maana hapo ndipo mota hulemewa zaidi. Pili, itazamwe volti. Meza inapokwenda milimita 1,500 kwa dakika, parafujo ile huzunguka mara 300 kwa dakika, na mota hupiga hatua 1,000 kila sekunde. Kila hatua basi ina sehemu moja tu ya elfu ya sekunde. Katika mota yenye indakitansi ya milihenri 4, mkondo wa ampea 3 huhitaji kwa makadirio nusu ya muda huo kufikia kimo chake ukisukumwa na volti 24, na robo yake tu ukisukumwa na volti 48. Chanzo cha umeme chenye volti kubwa zaidi, mradi kisivuke kiwango cha kiendeshi, huweza kufufua mota iliyodhaniwa kuwa imeshindwa. Kinyume chake, mota kubwa zaidi huwa na uzito zaidi wa kuzungushwa, na mara nyingi indakitansi kubwa zaidi, hata ikawa nzito kuliko ile iliyoondolewa.

Haimaanishi kwamba mabadiliko hayafai kamwe. Mota zenye kihesabu cha mzunguko hugundua hatua iliyopotea na kuisimamisha mashine kabla kazi haijaharibika, na kwa kazi ya saa nyingi hiyo ni faida kubwa. Mota za sevo nazo huhifadhi nguvu zake katika mizunguko ya kasi ambayo mota ya hatua haiwezi. Anayechonga nyuso zilizopinda, zenye maelfu ya miendo mifupi, ana sababu ya haki ya kuzitamani. Lakini kihesabu kilichofungwa nyuma ya mota hutazama mota tu. Ulegevu wa nati ulio mbele yake hakiuoni.

Utaratibu wa busara, kwa hiyo, ni huu: chuma kwanza, kisha mchapuko, kisha volti, kisha viendeshi, na mota mwisho. Anayeufuata huenda asinunue kitu chochote ila bisibisi na kipimo cha saa. Anayeuruka huweza kuwa na mota za fahari juu ya mashine ile ile iliyolegea, na baya zaidi, akabaki bila kujua kosa lilikuwa wapi. Mashine ya mezani ni shule kabla ya kuwa kiwanda, na mwanafunzi anayenunua jibu kabla ya kulisoma swali hajafunzwa kitu.